Vagheni Alijua Bilali Amefunga

Butembo, tarehe 12 Aprili 2025

Mpendwa kaka yangu Shafii,

Salamu za amani zikufikie huko Kampala, wewe, wifi yangu Furaha na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba yule binti mdogo ameacha kukohoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anatembea, anasali, anakula kidogo. Mvua inanyesha kila mchana na barabara ya Kasindi ni matope matupu, kwa hiyo sijui dereva wetu Malachie atakufikishia barua hii lini.

Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza, kisha ungelia, na mimi ningelegea. Soma mpaka mwisho.

Umeniuliza kama promota wa ndondi Vagheni anaaminika. Swali zuri sana. Ungeniuliza kabla ya Ramadhani, kabla ya kumpa mdogo wetu Bilali kwa simu, huku ukicheka na mtu huyo kana kwamba mmenyonya ziwa moja. Tangu baba afariki, wewe ndiye baba wa Bilali. Ulisema apigane kwenye televisheni, na hapa nyumbani hakuna aliyefungua mdomo kukupinga.

Vagheni alikuja kufuturu kwetu. Alileta tende na sukari, akavua viatu vyake mlangoni vizuri, akamwita Mama "mama" kuliko sisi aliotuzaa. Alieleza kwamba pambano litakuwa Beni, litaonyeshwa moja kwa moja, baada ya magharibi, na kwamba ruhusa ya kukusanya watu usiku ataipata yeye kwa wakubwa. "Mama, hapana kuogopa," alisema. "Bilali atapigana kisha futari, akiisha kula muzuri."

Halafu akauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, kama Bilali anafunga hata siku za mazoezi. Unamjua Mama linapokuja suala la dini ya watoto wake. "Ule? Hata akufe, hawezi kugusa mayi!" Sote tulicheka kwa fahari. Tulimpa kisu mkononi, Shafii, na mimi nikamwongezea uji.

Siku yenyewe tulifika Beni karibu na adhuhuri. Tukaambiwa ruhusa ya usiku imekataliwa, televisheni haingoji, watapigana alasiri. Faraja, binti wa shangazi, alishangaa kwamba sisi tunashangaa. Redio za Beni zilikuwa zinatangaza alasiri tangu zamani. Wimbo wa usiku aliimbiwa mtu wa Butembo peke yake.

Kocha Kamate alitaka turudi. Bilali alikataa, watu wamekwisha kujaa. Na kufungua saumu? Beni si safari ya kufungua, sisi wenyewe tumewafundisha watoto hivyo miaka yote, kwamba kutoka Butembo hadi kule mtu anafunga kama aliye nyumbani kwake.

Hata hivyo angeweza kumeza funda la maji kwa siri, nani angejua? Mlango huo Vagheni aliufunga mwenyewe. Kabla ya kengele alichukua kipaza sauti akauambia umati na kamera kwamba kijana huyu amefunga, hajaonja kitu tangu alfajiri, tuone leo kama imani inajua kupigana. Watu wakapiga makofi. Waislamu wa Beni wakapiga takbira. Baada ya hapo Bilali angekunywaje? Upande wa pili, Sagesse, bondia anayekula na kulala kwa Vagheni, alikuwa ameketi anakunywa chupa baada ya chupa.

Wewe uliangalia kwenye simu, na wapangaji wenzako wamekuzunguka. Uliona kile kamera ilichotaka uone. Ilipenda sana midomo ya Bilali. Kila alipokaa ilimsogelea mpaka ngozi iliyobanduka ikaonekana, na yeye anasukutua na kutema, na chini ya picha linapita tangazo la bia. Kamate alikuwa anampigia kelele, "Kunywa, Bilali! Utakufa bure!" Naye akajibu, "Hapana. Batu banaangalia."

Kufika katikati mikono yake ilikuwa inaning'inia. Refa hakumtazama yeye, alimtazama Vagheni aliyekaa karibu na mpiga picha, na Vagheni akazungusha kidole hewani: endelea, matangazo bado. Wakaendelea. Sagesse mwenyewe alisimama mara moja, akamwangalia refa, akaambiwa piga. Akapiga.

Wewe ukaniandikia kwamba Bilali alianguka kiume. Kaka, alianguka kama shuka lililodondoka kwenye kamba. Huo uanaume wako kaa nao huko Kampala, uwasimulie wapangaji.

Sasa nikueleze alivyo. Mkono wa kushoto haushiki kikombe cha chai. Taa moja anaiona mbili. Akisali anapoteza rakaa, kwa hiyo ameniomba nikae nyuma yake nikohoe anapozidisha. Watoto wangu wanacheka, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nacheka nao, maana nisipocheka nitapiga mayowe.

Baada ya Idi Vagheni alirudi, safari hii bila tende. Nilipomuuliza alichomfanyia mtoto wetu, alikunjua mikono. "Mais dada, ni sport. Télé haiwezi kungojea magharibi." Papo hapo akaanza kuzungumza habari ya pambano la marudiano, mradi kaka mkubwa akubali. Habari ya fedha siiandiki, si fedha inayonichoma.

Jibu lako ni hili. Vagheni anaaminika kabisa: ukimwonyesha mahali unapoumia, hapasahau. Labda wako mapromota wengine walio wema. Simjui hata mmoja, na sina Bilali mwingine wa kuwajaribia.

Tatizo ni kwamba Bilali mwenyewe anataka. Anafurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo. "Ramadhani iliisha, dada," ananiambia. "Mara hii nitakunywa mayi." Mama amelia, mimi nimemfichia viatu, yeye anatucheka. Anayemsikiliza duniani ni wewe tu. Na wewe, mzee wa familia, unaniandikia "aamue mwenyewe." Aamue kwa kichwa kipi?

Basi nimeamua mimi. Juzi nilimwambia umenipigia simu. Nikamwambia umesema amekuaibisha mbele ya watu wa Kampala, amepigwa na mwanagenzi, na hutaki tena jina la baba lionekane pamoja na sura yake. Akauliza, "Kaka alisema vile? Yeye mwenyewe?" Nikasema: mwenyewe, tena alikuwa anacheka. Alisimama, akachukua glavu zake, akazipeleka kwa Kamate. Chakula hakugusa.

Namba yako nimeifuta kwenye simu yake, lakini ataiomba kwa Faraja, na atakupigia, kwa sababu hajaamini bado. Usimbembeleze. Sema ni kweli, kisha ukate. Ukimwambia "hapana, mdogo wangu, sikusema hivyo," siku hiyo hiyo atapanda gari la Beni. Najua unampenda. Ndiyo maana nilitumia jina lako, langu lisingemuuma.

Mama anakusalimu sana na anakuombea kila swala. Faraja na wanawe wanakusalimu, Kamate pia. Mkumbatie wifi kwa niaba yangu, na watoto wote. Bilali hana salamu kwako.

Mungu ailinde nyumba yako, na akupe moyo mgumu siku simu hiyo itakapolia.

Dada yako anayekupenda hata leo,

Nasiba