Mke Wangu Anataka Nibishe Hodi Nyumbani Kwangu

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba msaada wako upesi, tena unijibu kwa haki, ingawa haki yenyewe naijua tayari, kwamba mimi ndiye niliyedhulumiwa. Naitwa Abdulatifu, nina duka la nguo na chumvi hapa Nyabiyonza, baba yangu alikuja na misafara kutoka Pangani akaoa huku na akazikwa huku, na katika vyote alivyoniachia hakuna ninachokipenda kama kufuli lake la shaba, kwa maana majirani zetu Wanyambo hufunga nyumba kwa mlango wa matete tu, mbuzi akiamua kuingia anaingia, lakini mimi mlango wangu ni wa mbao, una mnyororo, na mnyororo unafungwa kwa kufuli kwenye tumbuu, ile pete ya chuma iliyopigiliwa juu ya mlango, na ufunguo ni mmoja tu, naufunga kiunoni, hata nikienda kuoga ninao.

Sasa sikiliza nilivyotendwa. Mke wangu Mwajabu alitoka asubuhi kwenda Ihembe kwenye matanga ya shangazi yake, na siku hiyohiyo wapagazi wakawa tayari kwa safari ya Bukoba, wapagazi hawangojei mtu, nikafunga nyumba nikaondoka, nikijua atalala hukohuko Ihembe kwa ndugu zake mpaka nirudi, kwani mimi mtabiri? Kumbe mwanamke alirudi jioni ileile, mvua inanyesha, akakuta kufuli, akabisha akaita, akakaa chini ya migomba mpaka jirani yetu Kokugonza alipomwona akamchukua kwake. Mpaka hapo sina neno, Kokugonza namshukuru. Lakini badala ya kukaa kwa Kokugonza akaningoja kama mke wa mtu, kulipokucha akamwita Kaijage, mhunzi wa kutoka Isingiro anayefua majembe hapa kwetu, wakasimama mbele ya mlango wangu, na mhunzi akaing'oa tumbuu! Kisha akamfulia komeo la chuma, akalipigilia kwa ndani.

Nami nimerudi miguu imevimba, natia ufunguo, kufuli linafunguka vizuri kabisa, nasukuma mlango, haufunguki. Kufuli la baba yangu lilikuwa zima, limeushika mnyororo na tumbuu iliyong'olewa, linaning'inia pale halifungi kitu! Nikaita, na Mwajabu akauliza kutoka ndani, "Nani?" Nikasema, "Mwenye nyumba!" Akasema, "Mwenye nyumba yumo, anapika." Nikamwambia fungua, akanijibu hivi, na maneno haya nimeyashika yote: "Mume wangu, siku ile ya mvua niliubisha mlango huu mpaka mkono ukauma, hakuna aliyeniitikia. Leo bisha wewe, useme hodi kama watu wanavyosema, nami nitakuitikia."

Mimi! Nibishe hodi kwangu! Nikamfuata Kaijage nikamwambia kama ulivyotengeneza ndivyo utakavyobomoa, njoo uling'oe komeo lako. Hakuinuka hata kutoka kwenye mivukuto yake. "Waitu," akaniambia, yaani bwana kwa lugha ya huku, "siku ile nyumba ilikuwa tupu na mwenyewe yuko nje, ameloa. Leo ndani mna mtu, na mtu huyo anasema. Mimi nyundo yangu haina kazi hapo."

Sasa nalala dukani juu ya magunia ya chumvi, nakula kwa Zubeiri, mfanyabiashara mwenzangu, naye kila asubuhi ananiuliza mbele ya wateja kama mgeni amelala salama. Mchana mlango wangu u wazi, nauona kutoka hapa dukani, na Mwajabu anaanika mtama kizingitini kama kwamba hakuna kilichotokea, lakini amesema nikiingia bila hodi yeye atatoka aende Ihembe, na safari hii harudi. Basi niambie, nimshitaki mhunzi barazani, au niende mpaka boma la Bukoba nimshitaki na mke? Kubisha hodi sibishi. Nitalala juu ya chumvi mpaka mvua ziishe, sibishi.

Mimi, Abdulatifu, Nyabiyonza

MAJIBU

Bwana Abdulatifu,

Pole kwa miguu, na pole kwa ulimi wa Zubeiri. Kuchekwa mbele ya wateja kunauma, sitakudanganya. Lakini hapo ndipo pole zangu zinapoishia.

Unataka kwenda bomani. Haya, umefika, umesimama mbele ya bwana mkubwa, utasema nini? Kwamba mkeo ameonekana ndani ya nyumba yenu? Watakuuliza alitakiwa awe wapi, na wewe utajibu chini ya migomba. Bakia hapo dukani, bwana, usiipeleke aibu hiyo mpaka Bukoba, ni mbali na miguu yako bado haijapona.

Mhunzi mwache. Aliitwa na mwenye kunyeshewa, akafanya kazi yake, na kufuli lako hakulikwaruza. Wewe ulipomwita alikataa kumtoa mwanamke ndani kwa nyundo, na kwa hilo mimi namheshimu kuliko ninavyokuheshimu wewe leo. Ukimkuta njiani, msalimu kwanza.

Kufuli la baba yako ni zuri, lichukue ulifunge kwenye duka, huko ndiko kwenye mali usiyotaka iguswe. Nyumba iachie komeo. Ukitaka kusafiri, muage mkeo uso kwa uso, na akiwa matangani, safari ingoje, au mpelekee ufunguo hukohuko Ihembe. Wapagazi hawangojei mtu? Wangoje! Nani anawapakia mizigo?

Tena usicheze na neno lake la kwenda Ihembe. Mwanamke aliyesimama na mhunzi mchana kweupe, watu wote wa Nyabiyonza wakitazama, hakutishi, anakuarifu. Leo bado anakwambia atakuitikia. Ukiendelea kulala juu ya magunia hayo utakuta mlango u wazi, hauna komeo wala kufuli, na ndani hamna mtu.

Na jambo la mwisho. Barua yako nimeisoma, nikarudia kuisoma. Umenieleza mnyororo, tumbuu, komeo na uvimbe wa miguu yako. Nimetafuta mahali ulipomuuliza Mwajabu mvua ile ilimfanya nini, sikupaona. Alikuwa ametoka kumlilia shangazi yake, Abdulatifu. Nenda leo mchana, bisha, ungoje uitikiwe, na kabla hujakaa umuulize hilo.