Chokoleti Chini ya Meza

Ralitsa, nimeaibika. NIMEAIBIKA, shoga!

Leo si siku yangu ya kuzaliwa? Chokoleti nilinunua, nikazificha chini ya meza. Si yule mwalimu wa mafunzo ya kazi pale chuoni alituambia, "Ofisini hakuna kugawa peremende, huko si shule"?

Siku nzima hakuna aliyenipongeza. Hata mmoja!

Saa kumi na moja Bi Stoyanka, mkongwe wa ofisi yetu, anavaa koti, ananiambia, "Binti, tangu asubuhi tunangoja upite na chokoleti, kama ilivyo desturi, ndipo tukupongeze. Kwani sisi si watu wako?"

Kwani sisi si watu wako!

Nikainama kuzitoa. Kuinuka, yeye na wenzake wote wameshaingia kwenye lifti.

Nimeenda jikoni pale ofisini. Maua yangu yapo kwenye jagi, na kadi ya kunipongeza wamesaini wote kumi na wawili.