Stoo Iliyo Kichwani Mwangu

Jumatatu, 3 Machi

Nikilala leo nisiamke kesho, mabasi thelathini na nane hayatoki yadi. Hilo liandikwe kwanza. Tajiri ana jina lake kwenye ubao wa getini, mafundi wana makoti ya buluu, lakini gereji nzima inatembea kwa kichwa changu. Stoo ya spea — maboksi mia nne na kumi na mawili, na hakuna hata moja lenye lebo. Sijawahi kuruhusu. Lebo ni ya mtu asiyejua. Miaka ishirini na mbili, taja spea, nanyoosha mkono. Mwaka ule umeme ulipokatika siku tatu nilitoa beringi gizani kwa kunusa. Kwa kunusa! Mhandisi wa kiwanda kilichotengeneza mabasi yale alikuja, akaona, akavua kofia. Joto lilikuwepo, sikatai. Lakini alinivulia mimi.

Sasa eti niandike daftari. Amri ya nesi wa kliniki. Kila siku nikitoka kazini: nimefanya nini, nimelalaje, nimekula nini, nini kimeniudhi. Eti inasaidia ubongo. Mimi niliyelimaliza darasa la sita kwa kulisukuma, leo napewa kazi ya nyumbani na mtoto aliyezaliwa nikiwa nishaota ndevu.

Kilichoniudhi: nesi.

Jumanne, 4 Machi

Kisa chenyewe nikiandike mimi, maana mpwa wangu anakitia chumvi. Mpwa ni mtoto wa marehemu dada yangu, mwalimu wa hesabu. Anaishi kwangu. Yeye husema mimi ndiye ninayeishi kwake, kwa sababu mkataba wa nyumba una jina lake. Mambo ya karatasi.

Jumapili ya juzi nilikwenda kazini. Nikakaa getini saa mbili nzima. Mlinzi akatoka anapiga mswaki, akauliza kulikoni, nikamwambia nimekuja kumpima kama analala kazini. Akaniletea kiti. Halafu akampigia mpwa simu, mbea yule.

Basi nikaburutwa kliniki. Nesi akanitajia maneno matano: kijiko, mlango, kondoo, shati, mvua. Akanizungusha na maswali mengine, kisha akayataka maneno yake. Nikamrudishia matatu. Mtu mwenye akili zake anamkumbuka kondoo wa kazi gani? Angenitajia spea mia, ningempa mia na rafu zake.

Masharti niliyopewa: tembea nusu saa, lala mapema, punguza sukari, kula mboga za majani, zima redio ukiwa kazini, fanya jambo moja kwanza ndipo lingine, kaa na watu, kitu kikikuuma kiseme. Baada ya wiki mbili nikaonane na daktari mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimetembea nusu saa. Nimefika nilipotoka. Sijaona faida.

Ijumaa, 7 Machi

Mlinzi hakuishia kwa mpwa. Habari imefika kwa Tajiri.

Kaniita ofisini, kafunga mlango mwenyewe. Kaanza na kuniheshimu. Wewe ni nguzo yetu, mzee, na hivi na vile. Nikajua nimekwisha. Halafu ndipo akasema kuanzia Jumatatu maboksi yote yawekwe lebo. Nitataja, Karani ataandika.

Karani ni mama wa makamo, miwani kwenye kamba, yuko ofisini miaka kumi na sita. Mtu wa kimya. Ndiye anayenitengenezea chai saa nne bila kuniuliza vijiko vingapi. Sina ugomvi naye. Lakini kalamu ile!

Usingizi: hakuna. Mboga: nimekula, nimekasirika, haijashuka.

Jumatatu, 10 Machi

Leo wangenipiga picha. Nimekaa kwenye stuli katikati ya stoo, Karani ngazini na karatasi zake za gundi. Nataja, anabandika. Rafu ya kwanza nzima sikukosea. Ya pili sikukosea. Mafundi wakaanza kujaa mlangoni kama wako sinema. Betri, fundi wa breki — tunamwita Betri kwa sababu akishakula cha mchana inabidi achajiwe — akasema kwa sauti kwamba kliniki wampime nesi. Tukacheka wote. Hata Karani.

Baada ya chakula nikabaki peke yangu dakika kumi. Nikaitazama ile rafu ya kwanza. Maboksi yote yana midomo sasa. Mtoto yeyote ajuaye kusoma akiingia atatoka na anachotaka, na mimi nimekaa pale kama pambo. Miaka ishirini na mbili imebandikwa asubuhi moja!

Basi mchana nikaanza kuchanganya. Hapa bushi nikaiita mkanda wa feni. Pale mkanda nikauita kitu kingine. Si nyingi. Kumi na tano. Labda kumi na nane. Karani akaandika kila nilichosema, kwa mwandiko mzuri wa shule.

Jumanne, 11 Machi

Nimelala fofofo! Nimekula mchicha sahani nzima. Mpwa kafurahi, kasema masharti yameanza kufanya kazi. Nikamwambia ndiyo, mwalimu, yamefanya.

Jumatano, 12 Machi

Mafundi wamerudi kwangu. Saa tano Betri kaja na boksi kifuani: lebo inasema mkanda wa feni, ndani bushi tupu. Basi limefunguliwa kifua wazi, dereva anatembea huku na huku. Wakafungua tano, wakafungua sita. Nikawaacha wahangaike kidogo. Kisha nikainuka taratibu, nikanyoosha mkono. Mkanda huu hapa. Mlangoni mtu akapiga makofi.

Tajiri akashuka, akamsema Karani mbele ya watu. Kazi ya kuandika tu, inakushinda? Karani alivua miwani, akaifuta kwa kanga — haikuwa na uchafu.

Nesi alisema niandike kinachouma. Chai ya saa nne ilikuja kama kawaida. Vijiko vilevile. Sikuimaliza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamua kurekebisha. Si kwa kuogopa — kwa ubinadamu. Nimeingia kabla ya wote nibadilishe lebo za uongo, nimalize, pasijulikane.

Nikasimama mbele ya rafu.

Nikasoma lebo moja. Inasema kweli. Nikasoma ya pili. Inasema kweli. Kila lebo inasema kweli! Mwandiko ule mzuri unakuangalia machoni, huwezi kuubishia. Nikaanza kufungua moja moja. Nikazipata saba. Zote zilikuwa kumi na tano au kumi na nane? Hata hilo.

Juu kabisa kuna maboksi mawili yanayokaa pamoja: mipira ya kuzuia mafuta ya silinda za breki, na ile ya silinda za klachi. Inafanana kama mapacha, tofauti yake unene wa kucha. Zamani kidole changu kilikuwa kinajua. Leo nikaiviringisha, kidole kimya. Kipimo kiko mezani kwa Betri — ningeanzaje kumwomba? Nikajiuliza: ningekuwa mimi ndiye mwongo, ningeanzia wapi? Ningeanzia hapa. Basi nikazibandua zile lebo mbili, nikazibadilishia nafasi. Karani akaingia. Kauliza kama nimelala huko. Nikamwambia mtu wa stoo halali.

Ijumaa, 14 Machi

Betri katoa mipira ya breki bila kuniuliza. Kasoma lebo, kachukua, kaondoka. Hakunisalimia wala hakunitania. Nimekuwa mlango.

Mguu: nusu saa. Sukari: kijiko kimoja zaidi, kwa hasira.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimeokoa abiria sitini.

Asubuhi nilikuwa kwenye kutembea kwangu, redio sina, mtu wa kuzungumza naye sina, kichwa kitupu kama debe. Nikawa napita ukutani kwa shule, siwazi lolote, ikaja yenyewe. Jumatatu, wakati wa kutaja rafu ya juu, Betri alikuwa ameegemea mlango. Alisema ile ya breki usikosee, Mzee, mimi ndiye nitakayelala chini ya basi. Na mimi nikaona haya, nikataja kweli. Pale sikudanganya! Uongo nimeutia mwenyewe Alhamisi, nikidhani nasahihisha.

Sikumbuki mara ya mwisho nilikimbia lini. Basi la saa tatu, lile Betri alilolitia mipira Ijumaa, lilikuwa getini, injini inanguruma. Nikasimama mbele yake nikaliwekea kifua. Dereva anajua nilivyolizuia. (Lilikuwa bado linapakia mizigo. Lakini lilikuwa linanguruma.) Betri akaja na kandambili, akatoa tairi, akaingia chini. Mafuta ya breki yalikuwa yameshaanza kuchuruzika. Akatoa mpira akaupima. Wa klachi.

Akakaa chini, mikono myeusi. Akaniuliza, "Umejuaje, Mzee?"

"Nimenusa," nikamwambia.

Abiria wakanizunguka. Mama mmoja alinishika mikono yote miwili akaniombea. Mlinzi kaleta kile kiti. Jamani, nilikaa.

Jumatatu, 17 Machi

Saa mbili Karani alikuwa anapanga vitu vyake kwenye mfuko. Kikombe, kanga, picha ya watoto wake. Tajiri kamwachisha kazi. Lebo zake zingeua watu sitini, amesema, na amesema mbele ya yadi nzima. Mimi nikatajwa kama mfano wa kuigwa.

Nilirudi stoo. Nikakaa kwenye stuli. Saa nne ikafika, chai haikuja.

Nikaenda ofisini, nikasema. Yote: niliyoyataja kwa makusudi Jumatatu, na lebo mbili za Alhamisi. Nilitaka niipambe kidogo, niingize umeme na mhandisi, sikupata pa kuanzia. Tajiri alisikiliza bila kunikatiza, halafu akanyoosha mkono. Nilidhani ananipa. Alikuwa anataka funguo.

Karani alikuwa mlangoni, kasikia. Nilitegemea neno zuri, sitaficha.

"Ungekuwa umesahau, kaka, ningekusamehe kabla hujaomba," akasema. "Lakini ulikuwa na akili zako." Akaenda kutoa kikombe kwenye mfuko.

Nilitaka kumwambia nusu yake ilikuwa kusahau. Lakini ningemwonyesha nusu ipi?

Uamuzi wa Tajiri ni huu. Kesho daktari. Karatasi ya daktari ikisema ninaumwa, nitapewa kiti getini, na mshahara, kwa heshima ya miaka ishirini na mbili. Ikisema mimi mzima, basi nilifanya kwa ubaya, na nisionekane pale tena. Betri na Karani wanafungua maboksi yote mia nne na kumi na mawili, na kipimo mkononi. Betri kapita kando yangu. Macho yake kwenye kipimo.

Kwa hiyo kesho nikifaulu, nimefukuzwa. Nikifeli, ninayo kazi. Nani alishawahi kuandikiwa mtihani wa namna hii? Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nitafeli kuliko mtu yeyote aliyewahi kufeli kliniki ile. Kijiko, sikijui. Kondoo ni nini? Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, mdomo wazi kidogo. Mpwa kapita, kauliza kama naumwa jino.

Jumanne, 18 Machi

Kliniki. Naandikia gotini. Benchi limejaa, feni haizunguki. Mpwa ameomba ruhusa shuleni, amekuja na kofia ya jua, karanga na maji, kana kwamba tunasafiri. Njiani hakunisema hata kidogo kuhusu maboksi. Alinishika mkono tu wakati wa kuvuka barabara. Sikuupenda. Sikuutoa.

Nilimweleza mpango wangu wa kufeli. Nilidhani atacheka. Alisema, "Mjomba, mjibu daktari unavyojua. Basi." Akaenda dirishani kuchukua namba.

Akaniachia fomu nijaze. Jina langu, nimejaza. Umri, nimepunguza miaka miwili. Kazi: mkuu wa stoo. Hilo sifuti mpaka wanifute.

Mstari wa nne: jina kamili la ndugu wa karibu.

Nimekwama hapo, robo saa sasa. Ni jambo dogo. Ni joto, ni hizi kelele, mtoto analia pale. Nimepitia herufi zote tangu mwanzo, taratibu, moja moja kama nesi alivyofundisha. Jina lile nilimpa mimi. Dada yangu alikuwa bado kitandani, amechoka, akanipa kitoto, akasema mjomba ndiye ataje. Nikataja. Wakacheka wote kwa jinsi nilivyolitaja kwa sauti kubwa. Nakumbuka pazia la chumba kile lilikuwa la rangi gani.

Wala sijaanza leo. Tangu mwaka jana nikimwita ni mwalimu, ni mama, ni wewe mtoto. Anadhani namtania.

Huyo anakuja, namba mkononi, ananitabasamia. Nimeandika *Mpwa*, nimeufunika mstari kwa kiganja.