Mama Helena, Sahani Yako Imefika Mchinga

Mama Helena,

Shikamoo. Tangu nilipokufundisha salamu hii uliidai kila asubuhi, umesimama jikoni na kitambaa chako cha sufu kichwani, na ulichelewesha "marahaba" kwa makusudi ili nirudie mara ya pili. Leo narudia: shikamoo, Mama.

Barua ya mjukuu wako Ania ilinifikia huku Lindi miezi mitano baada ya mazishi. Anasema ulikufa kitini, siku nne kabla ya mkesha wa Krismasi, na kwamba wanao waligundua walipokuja kula. Siku nne! Watoto watatu, wote katika mji huohuo, na mmoja nyumba yake ilionekana kutoka dirishani kwako. Katika baridi ile ya Poland, hakuna aliyejiuliza mbona bomba la moshi la mama halitoi moshi? Ania aliandika kwa huzuni. Mimi nilisoma kwa hasira. Nilikaa barazani nikawatukana wanao mmoja baada ya mwingine, kwa lugha yenu, mpaka wapita njia wakasimama kuniangalia.

Unaikumbuka Krismasi yangu ya kwanza kwako? Uhuru wetu ulikuwa na mwaka mmoja, nami nimeletwa kwenu kusomea ushirika. Nilivaa suruali mbili na koti la marehemu mumeo, na bado meno yaligongana. Bafuni mliweka samaki hai, anaogelea kwenye beseni la kuogea akingoja sikukuu, na mimi mtu wa pwani nikakataa kuvua nguo mbele yake. Ulicheka hadi ukashika ukuta.

Jioni ya mkesha nilijifungia katika chumba nilichopanga kwako, nisije nikawaharibia wenyewe sherehe yao. Huko sebuleni mlikuwa mkingoja nyota ya kwanza, kama sisi tunavyougoja mwezi. Ukaja kunigongea. Nilipotokea, nikaona mezani watu saba na sahani nane. Ukaniambia sahani ya nane ni ya mgeni asiyetarajiwa, mnaiweka kila mwaka. Mkweo Marek akasema, "Mama, hiyo ni mila tu. Si lazima mtu aje kweli." Wote wakacheka. Wewe hukucheka. Ulivuta kiti ukasema, "Amekuja. Kaa, mwanangu." Nikakaa. Ukanihakikishia kwamba nyama haipo mezani, samaki tu, yule yule jirani yangu wa bafuni.

Kwa miaka kumi na zaidi nimeila sahani ile jukwaani. Sasa nakiri. Nimesimama katika mikutano mingi nikasema: Wazungu wana sahani ya mgeni lakini wazee wao wanakaa peke yao, sisi hatuhitaji sahani, undugu wetu umo damuni. Watu walipiga makofi. Kisha watu walipoamriwa kuacha mashamba yao na kuhamia vijiji vya ujamaa, niliandika gazetini kwamba anayekataa kuhama ni kupe, ananyonya jasho la wenzake. Niliandika vizuri, Mama. Mimi nikikasirika huandika vizuri.

Sikumtaja mtu jina. Lakini huku kwetu Mchinga aliyekataa alikuwa Shangazi Somoe, dada wa baba yangu, aliyenilea mama yangu alipofariki. Alisema hawezi kuacha mikorosho yake na kaburi la mumewe. Basi jamaa wote wakahamia kijijini wakamwacha kule mahameni, ndivyo tunavyopaita sasa mahali tulipozaliwa. Na mimi niliyewatukana wanao kwa sababu ya siku nne, nilikuwa sijakanyaga kwake mwaka mzima.

Jana ilikuwa Idd. Tulikusanyika kwa kaka yangu Selemani, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji. Unajua sisi hula pamoja katika sinia moja, sahani ya peke yake si desturi. Nilichukua sahani tupu nikaiweka kando ya sinia.

"Ya nani hiyo, bwana mwandishi?" Selemani akaniuliza. "Umetuletea uzungu?"

Nikamwambia ya Shangazi.

Akarudisha tonge. "Aliyekataa kijiji hana tonge kijijini. Si wewe uliyeandika? Na Jumatano lori linakwenda kumchukua. Akikaidi, tunashusha paa."

Watu wakaangalia pilau. Nilitaka kumjibu Selemani, nami si mtu wa kukosa jibu, lakini kila sentensi iliyonijia ilikuwa nimeshaichapisha upande wake. Nikajaza sahani, nikaifunika kawa, nikatoka. Kwa miguu hadi mahameni ni mwendo wa saa mbili.

Nilipiga hodi, nikaamkia. Shikamoo yangu ikaanguka chini. "Umekuja kunihamisha au kunilisha?"

"Kukulisha, Shangazi."

"Basi pita. Mke wa mwalimu alinisomea gazeti lako. Kumbe mimi kupe! Nimemnyonya nani? Huu mkorosho?"

Ndani, Mama Helena, niliona kitu ambacho sitakisema jukwaani, nakwambia wewe tu. Alikuwa ametandika mkeka na kuweka sinia lile kubwa la familia, la watu wanane. Ukingoni, upande wake, palikuwa na wali wa kiganja kimoja. Kwingine kote tupu, pamepanguswa. Akanionyesha kwa kidole: "Hapa baba yako. Hapa Selemani, alikuwa anaiba nyama. Hapa wewe." Kila Idd anaweka hivyo. Wewe ulimwekea nafasi mtu usiyemjua. Yeye anatuwekea sisi.

Nilimimina pilau mahali pangu. Tukala. Nilipoinuka kunawa, ndipo akasema, "Marahaba."

Bado nina hasira na wanao, usidhani nimewasamehe. Ila sina tena ruhusa ya kuwahutubia. Ania nitamjibu kesho, nimwambie bibi yake aliniwekea nafasi mezani wakati wengine walicheka, na asiache kuweka ile sahani, na asiiweke kwa mila tu.

Gazetini nitaandika upya, safari hii na jina langu mwenyewe ndani ya makosa. Wakikataa kuichapa makala hiyo, nitaisoma kwa sauti sokoni.

Kwaheri, Mama Helena. Theluji ikuwie nyepesi. Jumatano asubuhi nitakuwa kwa Shangazi, nimeketi upande wangu wa sinia, na Selemani akishuka kwenye lori lake nitamwonyesha upande wake.

Mwanao wa sahani ya nane.