Barafu ya dada Zuhura

Jumanne, usiku

Sijawahi kumwambia mtu kwamba namwogopa dada Zuhura. Akihisi unamwacha, anawaka.

Muuguzi wa kliniki kampa karatasi ya mbinu za kutuliza hisia: shika barafu, taja unachohisi, subiri. Upuuzi mtupu. Barafu ni ya juisi ya ukwaju.

Leo nilipochukua vitabu kwenda tuisheni, alirusha sufuria ukutani. “Nenda. Na wewe umenichoka, sema tu.”

Nikacheka kwa dharau. “Si ushike barafu yako?”

Akasema taratibu, “Naogopa, mdogo wangu. Na barafu yenyewe hatuna.”

Alikuwa ametaja anachohisi, kama karatasi ile ya kipuuzi inavyosema.

Nikaweka vitabu chini, nikashuka kwa jirani yetu Mama Asha mwenye friji ya mtumba wa Dubai, nikanunua barafu mbili. Moja nikampa. Nyingine nikaishika mwenyewe.