Proxy wa Kisanduku

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kisanduku cha ukutani kimenyamaza tangu stima ilipopotea Ijumaa. Stima imerudi, lakini taa ya kisanduku ni nyekundu tu. Kazi yake ni kupima ubaridi wa tangi la maziwa na kuwaambia Nairobi. Sisi hapa Angurai huujua ubaridi kwa kugusa tangi, lakini Nairobi hawana mkono mrefu hivyo.

Nimempigia dada Sheilah wa kampuni ya visanduku. Sauti tamu. Anasema proxy imebadilika — yaani lango ambalo ujumbe hupitia. Visanduku vyote vilitumiwa anwani mpya Jumamosi. Chetu kilikuwa kimezimika. Sasa wanakitumia anwani hiyo tena. Kwa njia gani? Kwa lango jipya! Nikamwuliza, si ni kama kumfungia mtu nje kisha ufunguo wake ukaachwa mezani ndani? Akasema ataongea na timu.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Timu imeongea. Ikifika Ijumaa bila nafuu, nitaingiza sindano kwenye tundu la nyuma, kila kitu kifutike, kisanduku kiwe kama kimetoka dukani.

Kila kitu. Hata jina. Nikikaribia chumba cha maziwa, simu yangu huonyesha WiFi ya kisanduku, ikiniita kwa jina: “Asekenye umekula?” Emukule wangu alikipa jina hilo siku alipokifunga. Watu walicheka hadi maziwa yakamwagika. Tulimzika Machi. Kisanduku bado kinaniuliza kila asubuhi.

Sindano sitaki.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Mzee Okwakol, mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa, amesikia neno proxy. Analijua! Kwenye mkutano mkuu, asiyefika humtuma proxy ampigie kura. Basi kamati imeketi. Saa mbili nzima, chai na mandazi. Wamepitisha kwamba, kwa kuwa kisanduku hakiwezi kufika Nairobi chenyewe, Bi. Asekenye awe proxy wake. Barua, muhuri, sahihi tatu.

Nikamwambia, mzee, hii proxy ni ya kompyuta.

“Hata kama. Kompyuta gani inakataa muhuri?”

Nimeshukuru. Nimeibandika juu ya kisanduku. Taa bado nyekundu.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Sheilah anasema naweza kubadilisha anwani mwenyewe kwa simu, bila sindano. Linahitajika neno la siri tu. Nairobi hawalijui.

“Muulize fundi wetu wa huko, mama. Emukule. Tunamtumia ujumbe, hajibu.”

Hawezi kujibu, dada. Ni mume wangu. Tulimzika Machi.

“Pole sana, mama. Ni vile kwa mfumo bado yuko kazini.”

Yuko kazini! Mfumo unaojua maziwa yangu yana baridi kiasi gani.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Nimekumbuka! Emukule akiandika neno la siri alikuwa akilitamka herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. A-J-O-N-O. Pombe ya wimbi! Na Mzee Okwakol, asiyeonja hata busaa, amesimama nyuma yangu. Nimeandika mgongo ukimziba.

Mipangilio ya kisanduku imefunguka. Nimefuta lango la zamani, nikaandika jipya, Sheilah akisoma kwenye simu. “Nukta, mama, si koma.” Taa ikawa ya manjano. Okwakol akapiga makofi.

“Si niliwaambia? Muhuri!” Akaenda kuwatangazia kamati.

“Bado kitu kimoja tu, mama,” Sheilah akasema. “Lango jipya linapitisha majina ya herufi kubwa na namba tu. Hapo kwenye jina la kisanduku, futa yote. Andika ANG-07. Halafu uhifadhi.”

Nimefuta alama ya kuuliza. Nikaishia hapo.

“Mama, uko?”

Ngoja kidogo dada, kuna mtu mlangoni.

Hakuna mtu. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, naandika haya, simu iko gotini. Sheilah anaongea na mwenzake, anamwambia mama wa Angurai ni mpole, ngoja tu. Taa ni ya manjano. Saa sita unusu.

Sijala.