Kopo la Vifungo

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nikitumaini hujambo na kazi inakwenda. Sisi hatujambo, na narudia hatujambo ili usiruke mistari kutafuta habari mbaya. Mama yu hai, anakula, na analalamikia chumvi.

Wiki tatu zilizopita alijichoma kidole kwa sindano ya cherehani. Unamjua. Akafungua lile kopo la vifungo tunamoweka vidonge vya antibayotiki vinavyobaki, akameza viwili, akaendelea kushona sare za shule. Siku ya nne mkono ulivimba hadi kiwiko, anatetemeka, anamwita marehemu Baba aje amshikie kitambaa. Nikamkimbiza hospitali, roho mkononi.

Daktari alisema maambukizi yameingia kwenye damu na yanaweza kuzima figo na moyo. Wakamtundikia dripu ya dawa, homa haikushuka. Wakabadilisha dawa, wapi! Daktari akanieleza kwamba vijidudu vya Mama vimeshakuwa sugu, vimezoea dawa za kawaida, hivyo maabara wanaviotesha na kuvijaribia dawa moja moja. Nililia pale kwenye korido mpaka mfagiaji akanivutia kiti.

Siku ya tatu hospitalini mtu wa maabara alipanda ngazi mwenyewe na karatasi yake: dawa moja inaviua. Moja tu! Siku mbili baadaye, asubuhi, Mama alifumbua macho, akaniuliza nani anamalizia sare za watu. Nikacheka huku nalia.

Sasa nisikufiche. Juzi nilimkuta akimnong'oneza jirani wa kitanda kwamba nyumbani ana kopo la dawa nzuri, mwanawe humletea. Mwanawe huyo ni mimi. Pale duka la dawa ninapofanya kazi nilikuwa nakusanya mabaki ya vidonge, viwili huku, vitatu kule, ili nyumbani mniite daktari. Miaka yote hiyo hakuna aliyemaliza dozi kwetu. Nimewaambia Mama na daktari. Daktari hakunifokea; alisema hawezi kujua kama ni vidonge vile vilivyoleta usugu huo, ila niache leo leo. Mama akasema afadhali, vifungo vyake vitapata nafasi.

Kopo nimelisafisha. Umebaki ule mfuko wa vidonge niliokutilia kwenye sanduku ulipoondoka, nikakwambia umeze viwili kila ukijisikia vibaya. Usimeze, mdogo wangu. Upeleke duka la dawa lililo karibu nawe, kisha uniandikie kwamba umeupeleka, maana sitatulia hadi nisome.

Mama anakupungia mkono, wa kushoto kwa sasa.

Dada yako,
aliyekuwa daktari wa nyumba